Malaika ina mtu, tumtaje

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na kama itakuwa ndefu naomba univumilie, manake hii kitu nimekaa nayo moyoni tangu Jumamosi na nikijaribu kuisahau inarudi tu. Mimi ni mpiga gitaa, naishi Mtwapa, nimepiga kwenye mahoteli ya pwani na kwenye maharusi zaidi ya miaka ishirini na tano sasa, na kama kuna wimbo mmoja ambao vidole vyangu vinaujua hata nikiwa nasinzia basi ni Malaika. Mgeni akishuka kwa ndege leo, kesho jioni ashauomba. Bibi harusi akiingia ukumbini, Malaika. Mwalimu akistaafu, Malaika. Hata kwenye mazishi nishaipiga, marehemu alikuwa amewaachia watoto wake neno kwamba siku ile apigiwe hiyo na sio nyingine.

Sasa Jumamosi bendi yetu ilialikwa harusi Voi. Harusi nzuri, watu wengi, pilau imetosha, hema limefungwa vitambaa vyeupe na zambarau, sisi tumewekwa pembeni karibu na jenereta. Maharusi wakawa wanaingia kuja kukata keki, MC akachukua maiki akasema, "Na sasa bendi watatupigia ule wimbo mtamu wa mama yetu Miriam Makeba kutoka Afrika Kusini, Malaika!" Vigelegele. Mbele yangu, kama hatua mbili hivi, alikuwa ameketi bibi mmoja mzee, leso moja kiunoni na nyingine mabegani, mkongojo ameulaza mapajani. Akamgeukia mwenzake akamwambia pole pole, "Makeba? Aliyeimba ni Mdawida, ni wetu huyo." Mwenzake hakusikia, spika zilikuwa juu. Nlimsikia mimi peke yangu. Na mimi nikafanya nini? Nikainamisha kichwa nikaanza kupiga.

Hiyo ndo inaniuma. Voi, Bwana Mhariri. Sio Johannesburg, sio Berlin, ni Voi, Taita Taveta, kwao Fadhili William, mwimbaji aliyeurekodi Malaika tukaujua, na wimbo wake unatangazwa kwa jina la mtu mwingine mbele ya watu wa kwao na hakuna aliyesimama kusema hapana. Jina lake kamili ni Fadhili William Mdawida, na hilo Mdawida ndivyo Wataita wa kule milimani wanavyojiita wenyewe, kwa hivo yule bibi hakuwa anasema kitu cha kubahatisha, alikuwa anamtaja mtoto wa nyumbani.

Wakati wa chakula nikamfuata yule MC, kijana mwenye heshima zake, nikamwambia mdogo wangu, ule wimbo si wa Makeba ujue. Akaniambia, "Sawa kaka, lakini si ni wimbo wa asili tu? Hauna mwenyewe." Alisema bila ubaya wowote, akaendelea na nyama yake. Na hilo la pili likanikata zaidi kuliko lile la kwanza. Manake ukisema ni wa Makeba, angalau umekubali wimbo ulitoka kwa mtu, umekosea mtu tu. Ukisema ni wa asili umemfuta mtu kabisa, umesema wimbo uliota kama nyasi.

Basi naomba niseme ninachokijua, kwa wale vijana ambao hawakupata nafasi ya kuambiwa.

Fadhili William alizaliwa 1938. Mwanzoni mwa miaka ya 60, akiwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, alirekodi Malaika Nairobi na kikundi chake cha Black Shadows, na rekodi hiyo ndiyo iliyoutoa wimbo ukaingia redioni na majumbani kwa watu. Zama hizo Nairobi ilikuwa inachemka kimuziki. Kulikuwa na studio ya Equator Sound ya Charles Worrod, na hiyo studio ilikuwa na bendi yake yenyewe, Equator Sound Band, na aliyeiongoza ni huyu huyu Fadhili. Walikuwemo humo Daudi Kabaka, Gabriel Omolo, na Wazambia wawili Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Hebu yasome tena hayo majina pole pole. Kabaka ndiye wa Helule Helule, ambayo mwaka 1968 kikundi cha Waingereza The Tremeloes waliirekodi kule kwao. Omolo ndiye baadaye alitoa Lunch Time, ule wimbo wa wafanyakazi wa mjini ambao saa ya kula ikifika mfuko hauna kitu. Fadhili mwenyewe alikuwa na Taxi Driver pia, watu wazima wanaujua. Yaani hawa walikuwa mafundi wanaoingia studio na kazi zao wameziandaa, sio watu waliookota nyimbo barabarani.

Nyumbani kwetu baba alikuwa na santuri ya Malaika, ile ndogo ya nyimbo mbili, upande huu mmoja na upande huu mwingine. Karatasi ya katikati sisi watoto tulikuwa tushaibabua kwa kucha, mchezo tu wa kitoto. Baba hakutupiga. Alichukua kalamu ya wino, akakata kipande cha karatasi ya daftari, akaandika FADHILI WILIAM kwa herufi kubwa, eli moja imepungua, akakibandika kwa gundi ya ugali pale pale katikati, akakitoboa tundu kwa msumari ili santuri ikae. Sindano ilikuwa ikifika mwisho inagonga ukingo wa kile kikaratasi, tak, tak, tak, mpaka mtu ainuke aitoe. Sauti hiyo mimi naisikia mpaka leo wimbo ukiisha. Baba alikuwa kuli wa bandarini, hakuwa mtu wa vitabu, lakini alijua sahani isiyo na jina ni kosa.

Na wewe msomaji kama hujawahi kuisikia ile ya Fadhili itafute leo, usikie tofauti. Hakuna makelele. Gitaa linakwenda taratibu, mishiko mitatu tu ya vidole ambayo mwanafunzi wa gitaa anafundishwa wiki ya kwanza, na sauti ya kijana ambaye hajidai kitu, hapandi juu kuonyesha ana kifua, anasema tu shida yake kama mtu anayesema na rafiki yake kibarazani usiku. Ni rahisi kuipiga na ni ngumu mno kuipiga vizuri. Vijana wangu kwenye bendi wakianza huwa wanaijaza madoido, nawaambia toa hiyo, toa na hiyo, acha maneno yapite.

Manake maneno ndiyo wimbo wenyewe. Na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu ni jambo ninalolipenda. Kuna ule ubeti wa kidege, ambapo anamwambia yule msichana kwamba hukuwaza. Kuna siku msichana mmoja wa chuo, ametoka bara kuja likizo, alinijia baada ya shoo akaniuliza, "Kaka, mbona anamlaumu? Anamwambia hukuwaza, yaani hukufikiria?" Swali zuri sana, nlifurahi kuulizwa. Nikamwambia dada yangu, ni kweli ukilikuta hilo neno peke yake linaweza kuwa lawama, wewe hukuwaza, hukufikiri. Lakini hapo ni ile hu ya mazoea, kama mtu anavyosema mimi huamka alfajiri, baba hunywa kahawa chungu, na hiyo ku ni wewe. Mimi hukuwaza wewe. Kila siku, ndo kazi yangu, kukuwaza. Tena ile zasumbua, hakusema zinasumbua, kasema zasumbua, mkato wetu wa pwani. Yule binti akanyamaza kidogo akasema basi ni tamu zaidi kuliko alivyodhani. Waimbaji wa siku hizi nimewasikia wakibadilisha wanaweka nakuwaza, labda wanaona ni rahisi, lakini nakuwaza ni sasa hivi tu, hukuwaza ni maisha. Sasa niambie, mtu ambaye amechagua neno moja kwa uangalifu kiasi hicho, leo tuseme hayupo, wimbo ni wa asili?

Sina ugomvi na Makeba hata kidogo, nataka hilo lieleweke. Yule mama alizuiwa kurudi kwao tangu 1960, mwaka 1963 akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuusema ubaguzi wa rangi, na popote alipopita aliimba nyimbo za Afrika nzima, na Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake lakini alikiimba kwa mapenzi. Yeye na mwimbaji wa Marekani Harry Belafonte waliitia Malaika kwenye albamu yao ya mwaka 1965 na albamu hiyo ikashinda tuzo ya muziki ya Grammy mwaka uliofuata. Ndiyo iliyoufungulia wimbo milango ya dunia. Alikufa 2008 huko Italia, ametoka tu jukwaani, Mungu amrehemu. Alichofanya ni kuimba vizuri wimbo wa jirani yake. Kosa ni letu sisi tuliokuwa nyumbani, tuliousikia ukirudi na ndege tukaona kumbe ni mzuri, tukasahau ulitoka mlango gani.

Na ulizunguka kweli kweli. Sweden mwaka 1967 kulikuwa na kikundi cha vijana wakiitwa The Hep Stars, wakairekodi Malaika ikapendwa kule, na mpiga kinanda wao alikuwa Benny Andersson, yule ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa wanne wa ABBA, kile kikundi cha Sweden kilichovuma dunia nzima. Kabla ya ABBA kuwa ABBA, Benny alishapita kwa Malaika! Boney M. nao, kule Ujerumani, wakaitoa 1981. Angélique Kidjo wa Benin akaitia kwenye albamu yake ya Logozo mwaka 1991, na akiiimba yeye utadhani kuta za chumba zinafunguka. Mzungu anakuja hapa hajui neno la Kiswahili zaidi ya jambo, lakini Malaika anakuimbia mpaka mwisho. Nishawaona wazee wa Kijerumani wanalia kwenye meza za bafe. Wimbo wa mishiko mitatu.

Sasa najua wasomaji wenu wa Tanzania, na wengine wa hapa hapa Mombasa, washaanza kunung'unika, ngoja niwafikie.

Kuna baraza moja hapa Mtwapa tunakaa jioni kunywa kahawa, na kuna kaka mmoja wa Tanga ana duka la vipuri, kila akisikia nataja Fadhili anaweka kikombe chini. Yeye anasema mwenye wimbo ni Adam Salim, Mtanzania, aliyezaliwa 1916, ambaye miaka ya 40 alikuwa akiishi na kupiga muziki Nairobi, na mwenyewe Adam Salim alisema aliutunga mwaka 1945 kwa ajili ya msichana aliyempenda ambaye wazazi walikataa akaozwa kwa mtu mwenye uwezo. Fadhili naye alisema aliutunga yeye kwa ajili ya msichana aliyempenda akakosa mahari, msichana akaolewa na mwingine. Mombasa kwenyewe kuna wanaomtaja Lucas Tututu. Kuna wanaomtaja Grant Charo. Na kila mmoja ana watu wake wanaomtetea mpaka kahawa inapoa.

Mimi kwa upande wangu nasema hivi. Kwamba Fadhili ndiye aliyeutia kwenye rekodi tukaujua, hilo halina ubishi hata kwa yule kaka wa Tanga. Utunzi una madai, na madai ya Adam Salim ni mazito, mtu hakurupuki tu na kutaja mwaka na kisa. Basi yatajwe yote. Mtangazaji hapungukiwi na kitu akisema huu ni Malaika, ulirekodiwa na Fadhili William, na Adam Salim wa Tanzania alisema aliutunga kabla yake. Ni sekunde kumi. Lakini angalia jambo la ajabu, sisi watu wa baraza tunagombana ni nani kati ya wanne, na huku nje, kwenye mahoteli na maharusi, wote wanne wamefutwa, ameandikwa Makeba au imeandikwa asili. Tunagombania kiti na nyumba imeshachukuliwa. Nilimwambia yule kaka hivo hivo, akanyamaza, akasema angalau hapo tuko pamoja.

Na hebu tazama visa vyenyewe viwili. Mmoja wa 1945, mwingine wa miaka kama kumi na tano baadaye, na kisa ni kile kile, kijana, msichana, na mwenye pesa anapita katikati. Watu wengine wanasema hiyo ni dalili mmoja kaiba kwa mwingine. Mimi sioni hivo. Mimi naona ni kwamba kisa hicho kilikuwa kwenye kila nyumba, na bado kipo. Mjomba wangu mwenyewe kilimpata.

Ndo maana huwa nashangaa tunavyouchukulia kama wimbo wa harusi ya watu waliofanikiwa. Anayeimba kwenye Malaika hakuoa jamani. Msikilizeni. Anasema angeoa. Anasema mali hana. Pesa zinamsumbua roho. Huyo kijana yuko nje ya hema, anaangalia harusi ya mwenzake kwa mbali. Sikatazi mtu kuupigisha kwenye harusi yake, mimi ndo naupiga na nalipwa, ila ningependa watu wajue wanachokicheza. Kuna bwana harusi mmoja huko Kaloleni, miaka kama minane imepita, tulipofika kwa ule ubeti wa pesa aliinama akafunika uso kwa leso ya mkononi, bibi harusi akawa anampangusa jasho na machozi pamoja. Alikuja baadaye nyuma ya jukwaa akaniambia, "Kaka, mimi hii mahari nimeichanga miaka minne, mara mbili nusura nimkose." Huyo ndiye mtu pekee ambaye niliona ameusikia wimbo kama ulivyo. Alinipa shilingi mia tano nikakataa, akanilazimisha nikachukua.

Haya, tuje kwenye pesa zenyewe, manake mtu atasema kaka unaumia kwa jina tu, jina ni nini. Jina ni pesa. Muziki unavyolipwa ni hivi: hoteli, baa, matatu, redio, wote wanatakiwa kulipia leseni ya kupiga muziki, na zile pesa zinakusanywa na kugawiwa wenye nyimbo kama mirabaha. Zinagawiwa kufuata nini? Majina yaliyoandikwa. Ukiandika Fadhili William, kuna mahali pesa inaweza kwenda. Ukiandika asili, hakuna wa kulipwa, mambo yameisha. Hilo neno asili linaonekana la heshima, la utamaduni, kumbe ndilo linalofunga mkono wa mjane na mtoto wa mwanamuziki. Na wasiniambie ni zamani. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 haki ya mtunzi inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Ile haki ya rekodi yenyewe, ile sauti kwenye santuri, hiyo kweli inahesabiwa miaka 50 tangu irekodiwe, imepita. Lakini utunzi, maneno na tuni ya wimbo, hiyo ni nyingine. Fadhili alifariki Nairobi tarehe 11 Februari 2001, baada ya kuishi Marekani miaka mingi na kurudi nyumbani. Ukihesabu kwa utunzi wake, ni mpaka mwisho wa 2051. Watoto wanaoingia darasa la kwanza mwaka huu watakuwa watu wazima wenye watoto wao na bado wimbo una mwenyewe kisheria. Sasa nani kasema hauna?

Nlipiga kwenye hoteli moja kaskazini ya pwani, siitaji, walikuwa na kadi nzuri ya meza, imechapishwa kwa rangi, orodha ya nyimbo tunazopiga ili mgeni achague. Nyimbo za Wazungu zote zina jina la mwimbaji pembeni. Kila moja. Ikifika Malaika, pembeni imeandikwa kwa Kiingereza kwamba ni wimbo wa jadi wa Kiafrika. Nikaenda kwa meneja na ile kadi mkononi, nikamwomba kwa adabu kwamba wakichapisha tena waandike Fadhili William, Kenya. Akaniambia wageni hawajali mambo hayo. Nikamwambia lakini mimi najali, na yeye alikuwa Mkenya, nlidhani atajali. Akaniambia nikapige muziki. Kadi ikachapishwa tena mwaka uliofuata, kitu kile kile. Nikachukua kalamu nikawa naandika kwa mkono mwenyewe kwenye kila kadi kabla ya chakula cha jioni, meza thelathini na mbili, wale wahudumu walikuwa wananisaidia, mmoja Mtaita alikuwa akiandika kwa furaha utasema anaandika jina la babake. Siku ya tatu meneja akajua. Mkataba wangu ulipoisha haukuongezwa, na sijutii.

Kwa hivo ombi langu, Bwana Mhariri, ni la kawaida kabisa. Kwanza kwa nyinyi waandishi, mkiandika habari yoyote na Malaika ikatokea ndani, hata kama ni habari ya harusi ya mtu mkubwa, tajeni Fadhili William, na mkiwa na nafasi mtaje na Adam Salim. Watangazaji wa redio hali kadhalika, nyinyi mna sauti kuliko sisi wote, mnapiga ile ya Boney M. mnasema Boney M. basi, ongezeni maneno matatu. Walimu wa kwaya, mnaowafundisha watoto Malaika kwa mashindano ya muziki, kwenye ile karatasi ya waamuzi pale penye mtunzi msiandike asili. Na maMC, ndugu zangu tunaokula meza moja, nyinyi ndio wa mwisho kuongea kabla sijaanza kupiga. Mnachosema ndicho kinachobaki masikioni mwa watu.

Tena kama kuna msomaji yeyote ana ile santuri ya Black Shadows ikiwa na karatasi yake ya katikati nzima, asiitupe, aipige picha pande zote mbili aitume gazetini, vijana waone kwa macho yao jina limeandikwaje. Ya baba ilivunjika tulipohama nyumba, kilichobaki ni kile kikaratasi cha daftari, niko nacho kwenye mfuko wa ndani wa kasha la gitaa, kimekuwa cha rangi ya chai.

Kuhusu yule bibi wa Voi, tulipomaliza kupiga na kufunga vyombo nlimtafuta nimwombe radhi kwa kunyamaza kwangu. Alikuwa anasaidiwa kupanda gari. Nikamshika mkono nikamwambia shikamoo bibi, nlikusikia ulichosema kuhusu Fadhili, na ni kweli. Akaniangalia, akaniuliza, "Sasa mwanangu, mbona hukusema na maiki ilikuwa karibu nawe?" Mlango ukafungwa wakaenda.

Jumamosi hii tunapiga Kilifi. MC ni mwingine, nishampigia simu, na nimemwandikia kwa karatasi cha kusema ili asisahau, mistari miwili tu. Na asipoisoma, maiki ya kwangu nimeshaomba iwekwe karibu.

Wako,
Mpiga gitaa,
Mtwapa, Kilifi